Kwa vijana mnaojiandaa na mdahalo wa vita vya 1812

Wajukuu zangu,

Nimeisikia mada yenu: katika vita vya Marekani na Uingereza vilivyoanza mwaka 1812, nani alishinda? Najua upande mmoja utataja Ikulu ya Washington iliyochomwa moto Agosti 1814, na wa pili utajibu kwa ushindi wa Andrew Jackson, jenerali wa Marekani, kule New Orleans, Januari 1815. Nawaomba msiishie hapo.

Someni mkataba wenyewe wa amani, uliotiwa saini mjini Ghent, Ubelgiji ya leo, tarehe 24 Desemba 1814. Mipaka ilirudi ilivyokuwa kabla ya vita. Ile tabia ya manowari za Uingereza kukamata mabaharia ndani ya meli za Marekani na kuwatumikisha kwa nguvu, ambayo Rais Madison aliitanguliza alipoeleza kwa nini wapigane, haikutajwa kabisa. Kwa serikali zile mbili ilikuwa sare.

Lakini wenyeji wa nchi ile nao walipigana. Tecumseh, kiongozi wa Washawnee, alijitahidi kuunganisha makabila ili ardhi yao isiuzwe kipande kipande. Alisimama na Waingereza, akauawa vitani Oktoba 1813. Huko Ghent, Waingereza walianza kwa kudai wenyeji watengewe eneo lao. Wamarekani wakakataa, na dai likaachwa. Kilichobaki ni kifungu cha 9: Marekani iyarudishie makabila mali na haki zilizokuwa zao mwaka 1811. Ahadi ilipopuuzwa, Uingereza haikurudi vitani kuitetea.

Na hili huniuma kila ninapolisoma. Miezi minne kabla ya Ghent, Jackson alikuwa ameshawalazimisha Wacreek, kabila jingine la wenyeji, kusaini mkataba wa Fort Jackson, wakapokonywa zaidi ya ekari milioni 20, zikiwemo za Wacreek waliopigana upande wake! Ardhi ile haikurudishwa. Mwaka 1830 Jackson huyohuyo, sasa akiwa Rais, alitia saini sheria ya kuwahamishia wenyeji magharibi ya mto Mississippi.

Basi mnapogawana hoja, msemaji mmoja asiwe wa Marekani wala wa Uingereza. Mpeni kifungu cha 9, azibane pande zote mbili zieleze kilitekelezwa wapi. Mwenyekiti akidai hayo yako nje ya mada, msomeeni: yamo ndani ya mkataba uleule.

Babu yenu,
mwalimu mstaafu wa historia