Kwa Rajabu, kuhusu mswada wa sigara za kielektroniki

Kwako ndugu yangu Rajabu,

Salamu nyingi, nikitumai u mzima wa afya pamoja na wote ulio nao. Mimi sijambo, ila kazi haziniachi. Barua yako nimeipata, na rasimu ya ile unayotaka kumpelekea mbunge wako kuupinga mswada wa sigara za kielektroniki nimeisoma mwanzo hadi mwisho, kurasa sita zilizoshonana. Umeniomba nikuambie ukweli, basi kaa nikuambie.

Hakuna atakayeimaliza. Unajua nilifanya kazi katika ofisi ya mbunge, na kufungua barua za wananchi ilikuwa sehemu kubwa ya kazi yenyewe. Barua haifiki kwa mbunge ikiwa nzima. Inafika kwa msaidizi mwenye rundo mezani, naye anatafuta mambo machache tu: huyu ni mpiga kura wetu? Anataka nini? Anazungumzia kifungu gani? Akiyaona juu kabisa, anaandika muhtasari wa mistari miwili, na mbunge anausoma akiwa njiani kwenda kikaoni. Asipoyaona, barua inatiwa kwenye hesabu ya "wanaopinga" na safari yake inaishia hapo. Yako ningeihesabu, Rajabu. Jimbo lako umelitaja ukurasa wa mwisho, kifungu hukukitaja kwa namba hata kimoja, ila waziri umemtaja karibu kila aya, na si kwa mema.

Na ile barua mnayosambaziana kikundini ili kila mtu aweke jina lake chini, achaneni nayo. Msaidizi anaitambua ikifika ya pili tu. Barua mia zenye maneno yale yale huhesabiwa kuwa barua moja yenye sahihi mia, na zaidi ya hapo humfanya mbunge ajiulize nani hasa aliyeitunga. Barua chache za watu tofauti, kila mmoja na maneno yake na maisha yake, ndizo zilizokuwa zinatufanya tuitishe kikao.

Sasa tuje kwenye ombi lenyewe. Unataka mswada uondolewe bungeni. Hautaondolewa. Kabla yako, mbunge huyo ameshakaa na wazazi na walimu, na wao wana hoja ambayo huwezi kuipuuza kwa kejeli kama ulivyofanya. Nchini Marekani, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2019 ulikuta asilimia 27.5 ya wanafunzi wa sekondari ya juu wakitumia vepu, yaani hizo sigara za kielektroniki. Kufikia 2024 idadi ilikuwa imeshuka hadi asilimia 7.8, lakini ile ya kwanza ndiyo iliyoingia vichwani mwa wabunge duniani kote. Nami, ujue kabisa, upande huo siko nawe. Kikomo cha umri, marufuku ya matangazo, vifuniko ambavyo mtoto hawezi kufungua: hayo yakubali wazi, kwa maandishi, aya ya pili. Ukiyakubali mapema, mbunge atajua hukuja kutetea biashara ya kuwauzia watoto, na masikio yake yatafunguka kwa yale mengine.

Mengine yenyewe hukuyaona. Umeandika kurasa nne kuhusu ladha za matunda, lakini kifungu kinachotakiwa kukunyima usingizi ni kile cha usajili: kwamba kila kifaa na kila kimiminika kinachotiwa ndani yake lazima kiidhinishwe kabla ya kuuzwa, ndani ya muda utakaopangwa na waziri, kwa ada itakayopangwa na waziri. Kisome tena polepole. Hakuna muda ndani yake, hakuna ada, hakuna kipimo cha kuidhinisha. Vyote vitakuja baadaye katika kanuni ambazo Bunge huenda lisizijadili kabisa. Ada ikiwa kubwa na muda ukiwa mfupi, ladha zinaweza kuruhusiwa zote na bado madukani zisionekane, na watakaobaki wakiuza ni wale wenye mawakili na maabara, yaani kampuni za sigara.

Marekani walipitia haya. Kanuni zilizoanza kutumika Agosti 8, 2016 zilisema bidhaa yoyote ya tumbaku, vepu zikiwemo, ambayo haikuwa sokoni kufikia Februari 15, 2007 ni lazima iombe idhini. Mwaka 2007 vepu zilikuwa hazijaenea kule, kwa hiyo tarehe hiyo moja ilizigusa karibu zote. Mbunge Tom Cole alijaribu kuisogeza mbele kwa kupachika marekebisho kwenye bajeti, akashindwa. Watu waliokuwa wakiandamana kuhusu mengine waligundua kwamba mambo yao yote yalikuwa yamefungwa kwenye tarehe.

Ulaya nako kuna somo lake, na hili nataka ulitie akilini kuliko yote. Desemba 2012 Kamisheni ya Ulaya, chombo kinachopendekeza sheria za Umoja wa Ulaya, ilipendekeza kwamba kimiminika chenye zaidi ya miligramu 4 za nikotini kwa mililita kiombe kibali kama dawa. Wavutaji wa vepu waliwaandikia wabunge wao, wakawatembelea, kila mtu akieleza alivyoacha sigara. Oktoba 8, 2013, huko Strasbourg, Bunge la Ulaya likakataa kuzifanya zote kuwa dawa, likaweka kikomo cha miligramu 30. Watu wakashangilia wakarudi makwao. Baada ya hapo Bunge, Kamisheni na serikali za nchi wanachama wakaingia kwenye mazungumzo ya faragha, na sheria iliyotiwa sahihi Aprili 3, 2014 ikatoka na miligramu 20, chupa isiyozidi mililita 10 na tangi la kifaa lisilozidi mililita 2. Hawakushindwa, lakini namba zile ziliamuliwa wakati wengi wao wakidhani kazi imekwisha. Kwa hiyo usiulize tu kura itapigwa lini. Uliza baada ya kura nani atakaa na nani, na kanuni zitaandikwa na ofisi gani.

Kuhusu ushahidi, punguza. Tarakimu moja uliyoizoea kikundini, ile ya "madhara pungufu kwa asilimia 95" kuliko sigara, iliyotangazwa na taasisi ya afya ya Uingereza mwaka 2015, iache. Chanzo chake ni makadirio ya jopo la wataalamu, hakikuwa kipimo cha maabara, na kimepingwa sana. Msaidizi mwerevu ataigundua ndani ya dakika tano, kisha atakushuku katika mengine yote. Kuna jaribio zuri zaidi, nalo pia ni la Uingereza, la mwaka 2019: wavutaji 886 waliotaka kuacha, nusu wakapewa vepu, nusu wakapewa vibandiko, chingamu na kadhalika. Baada ya mwaka, asilimia 18 ya waliopewa vepu walikuwa wameacha sigara, dhidi ya 9.9. Liseme hilo. Kisha sema na lile wenzako wanaloliruka: kati ya waliofaulu kwa vepu, wanane kati ya kumi walikuwa bado wanavuta vepu mwaka ulipokwisha, wakati upande wa pili waliobaki na dawa zao walikuwa chini ya mmoja kati ya kumi. Mbunge atalisikia kutoka kwa daktari wa wizara hata hivyo. Heri alisikie kwako kwanza. Na lile neno "ni mvuke wa maji tu" lifute kila lilipo. Si maji tu, na nikotini inashika mtu, wewe mwenyewe ni shahidi.

Utaulizwa kuhusu vifo vya Marekani vya 2019, vya watu walioumia mapafu baada ya kuvuta vepu. Usimjibu mtu kwamba ni uzushi, maana hadi Februari 2020 watu 2,807 walikuwa wamelazwa hospitalini au kufa, na waliothibitishwa kufa ni 68. Jibu kwa utulivu kwamba uchunguzi uliihusisha balaa ile kwa nguvu na mafuta ya vitamini E yaliyochanganywa kwenye vimiminika vya bangi, vingi vyake vikipatikana kwa njia zisizo rasmi. Hapo hapo una hoja nzuri ya kusajili vimiminika kwa utaratibu unaoeleweka. Unaona? Kifungu kile kile cha usajili unakuwa hukipingi, unaomba kiandikwe vizuri.

Halafu huyo muagizaji aliyejitolea kuwalipia nauli na kuwachapia fulana. Rajabu, fulana hizo zitawazika. Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku, kifungu 5.3, unazitaka serikali zilinde sera zao dhidi ya maslahi ya sekta ya tumbaku, na watu wa wizara wanakijua kwa moyo. Mpaka kati ya sekta hiyo na vepu ulishafifia zamani. Altria, wenye Marlboro kule Marekani, walinunua asilimia 35 ya Juul, kampuni ya vepu, mwezi Desemba 2018 kwa dola bilioni 12.8. Hata kama muagizaji wenu ni mtu mwema asiyehusiana nao, swali la kwanza mtakaloulizwa ni nani amewaleta. Muweze kujibu kwamba mmejileta. Mkiwa mmeshapokea chochote, kitajeni kabla hamjaulizwa.

Sasa cha kufanya. Barua ukurasa mmoja. Juu: jina, jimbo, namba ya kifungu, na ombi. Chini yake, maisha yako kwa aya moja, ulivuta sigara miaka mingapi, uliacha lini, sasa unatumia nini. Sehemu hiyo ndiyo nzuri kuliko zote kwenye rasimu yako, nawe umeificha ukurasa wa tano. Kisha andika kifungu kilivyo na unavyotaka kisomeke, neno kwa neno: kwa mfano, kwamba muda wa usajili usipungue kiasi fulani, na kanuni za ada ziletwe mbele ya Bunge kabla ya kuanza kutumika. Mbunge akipewa malalamiko atakuonea huruma. Akipewa maneno yaliyo tayari anaweza kuyaingiza kwenye jedwali la marekebisho usiku huo huo.

Nakala ipeleke kwa katibu wa kamati inayoushughulikia mswada, kabla muda wa kupokea maoni haujafungwa. Kamatini ndiko maneno hubadilika. Mswada ukisharudi kwenye Bunge zima, vyama huwa vimeshajipanga. Angalia pia nani wamo kwenye kamati hiyo, wa chama chochote, na umtafute mwenye muuguzi au daktari wa kifua katika jimbo lake atakayekubali kuzungumza nanyi. Ukipata miadi, nendeni wawili au watatu, si kikundi kizima. Usitoe kifaa chako mfukoni. Mwisho wa mazungumzo uliza swali lisilokwepeka: "Mheshimiwa, utaliwasilisha rekebisho hili?" Akisema atalifikiria, muulize msaidizi umpigie lini, na umpigie kweli. Ukirudi nyumbani muandikieni barua fupi ya shukrani mkitaja mlichokubaliana, kwa maana miezi miwili baadaye hakuna atakayekumbuka bila karatasi.

Nitumie rasimu mpya kabla hujaituma. Nitaikatakata bila huruma, hilo ulijue, na kama bado ina jina la waziri zaidi ya mara moja nitakurudishia bila kuisoma. Nakala ya mswada nayo niletee kamili, maana uliyonitumia imekosa jedwali la nyuma, na adhabu huwa zinawekwa huko.

Nisalimie wote.

Nduguyo,
Mwanaidi