Kamati yetu haikuwa imelala

Mhariri,

Ile habari yenu ya wiki iliyopita, ya afisa aliyesema kamati za shule za msingi zimelala, nimeisoma mara mbili, nikaikata na kuitia kwenye droo ya cherehani. Gazeti lenu nalisoma tangu enzi za MMEM, ule mpango wa serikali wa kuendeleza elimu ya msingi, na sijawahi kuwaandikia. Safari hii nimeshindwa kunyamaza.

Nilikuwa mwenyekiti wa kamati ya shule kwa miaka mitatu. Kazi haina mshahara, na siku ya kikao cherehani yangu haizunguki. Tulipoingia tulielezwa hesabu ya ruzuku, yaani pesa ambazo serikali huzipa shule: shilingi 10,000 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi, 4,000 zinabaki juu serikalini kwa ajili ya vitabu, 6,000 ndizo zinazofika shuleni. Gawa kwa miezi 12, utapata shilingi 500 kwa mtoto kwa mwezi. Hizo ndizo za chaki, za kitasa kilichovunjika, za kuchapa mitihani. Pesa ndogo kiasi hicho ndiyo inayotaka kuangaliwa zaidi, maana hata elfu hamsini ikipotea watoto wanaliona pengo.

Siku moja mtoto wa darasa la sita aliniletea bahasha dukani. Ndani mlikuwa na hati tatu za malipo. Kiasi hakikuandikwa, jina la anayelipwa halikuandikwa, ila pale pa saini yangu palikuwa pameshawekwa alama ya penseli. "Mwalimu amesema usaini haraka, kuna gari linakwenda mjini." Nilimrudisha na bahasha yake vilevile, kesho yake nikaenda mwenyewe kuuliza risiti ziko wapi. Nikaambiwa sina ushirikiano. Muda wetu ulipokwisha, mkutano wa kuchagua kamati mpya ukaitwa Jumanne saa nne asubuhi, siku ya gulio, kwa vikaratasi walivyopewa watoto jioni ya kuamkia siku hiyo. Shule ina watoto zaidi ya 900. Wazazi tulihesabiana, tukawa 37. Nikagombea tena. Kura zilikuwa za kunyoosha mikono, na walimu wa madarasa walikuwa wameketi mbele wakitutazama mmoja mmoja. Mama mmoja ambaye huwa namshonea sare za wanawe alinyoosha mkono, ukafika usawa wa sikio, macho yake yakagongana na ya mwalimu wa mwanawe, mkono ukaishia kwenye kilemba, akajifanya anakirekebisha. Nilipata kura sita. Jioni mama yule alikuja dukani akalia, na mimi sikumlaumu hata kidogo. Mtoto ni wake, na wa kumfundisha ni yule yule aliyekuwa akimtazama. Sasa huyo ndiye mnayeandika kwamba amelala, Mhariri?

Na kuna hii mitihani ya kila Jumamosi. Mtoto anatakiwa aende na shilingi 500. Asiyenazo anakaa nje chini ya mwarobaini mpaka wenzake wamalize. Mtoto wa jirani aliniomba hela hiyo Ijumaa moja, nikampa; Ijumaa iliyofuata nilimwona anapita njia ya nyuma ili nisimwone, kwa haya. Ada ya shule za msingi ilifutwa tangu 2001, na ruzuku ina fungu la mitihani. Basi hizi mia tano mia tano zinaingia kitabu gani? Mimi nilipouliza nilikuwa mwenyekiti. Leo hakuna anayeuliza.

Ninapendekeza hivi. Mkutano wa uchaguzi uitwe Jumapili saa tisa alasiri, na tangazo libandikwe getini wiki mbili kabla, lisipewe mtoto mkononi. Walimu wakae ofisini mpaka kura zihesabiwe. Kila mgombea awekewe ndoo yenye mfuniko uliotobolewa, nyuma ya pazia, na kila mzazi akabidhiwe punje za mahindi kwa idadi ya nafasi zinazogombewa. Mtendaji wa mtaa amwage ndoo moja moja mezani na ahesabu kwa sauti, watu wote wakiona. Mahindi na ndoo nitatoa mimi. Pazia nimeshalishona, kitambaa kizito cha bluu, mita tatu, liko dukani limekunjwa.

Mzazi na fundi cherehani,
Morogoro