Kipindupindu hamna, haya basi tuliugua nini?

Mhariri habari za kazi, naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua maana hili jambo limenikaa kooni.

Mwezi uliopita huku kwetu Ujiji tulikuwa na hitma ya mzee mmoja, watu wakala pilau na kachumbari wakatawanyika salama. Kesho yake jioni ndo balaa, huyu anatapika yule anaendesha, nyumba nzima wanapokezana choo kimoja, mimi mwenyewe nilihesabu safari mpaka nikaacha. Kufika zahanati (siitaji) wote tunaambiwa taifodi, hata katoto ka miaka miwili nako kana taifodi, tukarudi na mifuko ya antibayotiki. Baadae bwana afya akaja kuchukua choo cha wagonjwa watatu kupima kipindupindu, majibu yakatoka hamna, akafunga daftari lake akaondoka. Sasa mtaa ukiachwa bila jibu unajitafutia wenyewe, akanyooshewa kidole shangazi aliyekatakata kachumbari, wengine wanasema sumu wengine mambo ya usiku, mpaka leo akishika kisu shughulini watu wanasogeza sahani.

Binti yangu anasomea maabara, nikamsimulia kwenye simu, swali lake la kwanza ni moja tu: baba, huyo shangazi alikuwa mzima siku ile? Kumbe juzi yake alitapika usiku kucha, akapata nafuu akaja kusaidia kama desturi. Akasema hiyo inafanana sana na norovirusi, kirusi cha tumbo kinachotapisha na kuharisha. Inakushika kati ya masaa 12 na 48, wanatosha wadudu wachache mno hata chini ya mia, na mtu akishapona choo chake kinaweza kuendelea kutoa virusi wiki mbili na zaidi, ndo maana wataalamu wanataka mpishi akae mbali na jiko angalau siku mbili toka aache kutapika. Na zile sanitaiza tulizozoea toka korona haziwawezi vizuri, ni sabuni na maji yanayotiririka. Antibayotiki ndo kabisa, virusi havijali.

Lakini kufanana sio kupima mhariri, hapo ndo hoja yangu. Hiyo norovirusi yenyewe ilianzia kujulikana kwenye shule moja Norwalk, Ohio huko Marekani mwaka 1968, wanafunzi na walimu waliugua kama sisi na bakteria hawakuonekana. Wenzetu hawakumwaga sampuli. Mwaka 1972 kirusi kikaonekana kwa darubini ya elektroni kutokana na choo kilichotunzwa toka mlipuko ule, miaka minne baadae! Sisi siku nne tu vichupo vimeshasahaulika.

Na msiniambie huku haiwezekani. Machi 2023 majirani zetu Burundi walitangaza polio, walikipata kirusi kwa watoto na kwenye maji taka pia, mwaka huohuo mtoto akapatikana nacho Rukwa na Septemba watoto wetu Kigoma wakadondoshewa matone nyumba kwa nyumba. Polio nayo inakaa tumboni na kutoka na choo, kwa hiyo kirusi cha tumboni kikitafutwa kinapatikana. Hata rotavirusi, ile inayoharisha watoto, ina chanjo kwetu toka 2013, norovirusi haina, kwa hiyo kujua iko wapi ndo ngao iliyobaki.

Ninachoomba ni kidogo. Kipindupindu kikikosekana choo kiwekwe kwenye ubaridi kipelekwe panapopimwa virusi, zile mashine za PCR za enzi za korona, zinazotambua kirusi kwa vinasaba vyake, zinaifanya kazi hii ukizipa vitendanishi (dawa za kupimia) vyake. Kupima kachumbari iliyobaki ni shughuli nzito maana virusi havizaliani kwenye chakula, vinakuwa vichache mpaka uvikusanye kwanza, choo cha mgonjwa ni rahisi zaidi. Wengi wetu tunatumia vyoo vya shimo, basi wachote hata kwenye magari ya maji taka. Afu wakisoma vinasaba watajua kama cha Ujiji na cha Kibirizi, kule boti zinakotia nanga, ni kimoja au kila mtu na chake, maana mwaloni pale watu wanaingia na kutoka usiku na mchana.

Na bwana afya wetu kama unasoma gazeti hili, vile vichupo vitatu vya hitma kama bado viko kwenye friji tunaomba usivimwage, shangazi anasubiri majibu.

Msomaji wenu,
Ujiji, Kigoma