Airisi hazijapelekwa na upepo

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kuhusu ile makala yenu ya maua ya bustani. Mmesema airisi zimesambaa nchi za mbali kwa upepo na ndege. Jamani, upepo gani huo wa kuvusha ua bahari nzima?

Airisi nyingi za bustani zimesafiri na watu. Chini ya majani kuna shina nene linatambaa kama tangawizi, ukiling'oa ukalitia kwenye boksi linakaa wiki kadhaa bila maji wala udongo na ukilipanda linachipua, ndo maana wauzaji wanayatuma kwa posta yakiwa makavu hivyo hivyo. Chukua Iris albicans, ile nyeupe. Kwao ni Bara Arabu, Yemen na Saudi Arabia. Waislamu waliipanda makaburini, ikaenda nao mpaka Hispania, baadaye ikavuka hadi Mexico, na leo utaikuta kwenye makaburi ya zamani huko Texas. Na haitoi mbegu! Sasa niambieni, ndege alibeba nini?

Ila iko moja ambayo ukishaifikisha inaendelea na safari yenyewe, Iris pseudacorus, ile ya njano inayopenda maji. Asili yake Ulaya, Asia magharibi na kaskazini mwa Afrika. Marekani ilipelekwa kupamba mabwawa, alafu wengine wakaipanda kuzuia kingo za mito zisimomonyoke, hata kusafisha maji machafu, yaani iliaminiwa kweli kweli. Mbegu zake zinaelea, mafuriko yakija yanakata vipande vya shina na kila kipande kinaota kule chini kilikonasa. Inashikana mpaka inakuwa mkeka, inanasa tope, mimea mingine ya majini inakosa pa kusimama. Kuing'oa nako ni kazi, ukibakiza kipande tu umeanza upya, na utomvu wake unawasha ngozi. Majimbo ya Washington na Oregon yamepiga marufuku kuiuza, na mimi naona wamechelewa.

Kwa hiyo mkiandika tena kuhusu maua ya bwawani wekeni jina la kisayansi, kwa sababu mtu akiambiwa airisi ya njano tu ananunua yoyote. Na waambieni wasomaji wanaopunguza airisi bustanini wasitupe mabaki mtoni, wayaanike juani yakauke kisha wayachome.

Msomaji wenu