Risala ya Kamati ya Mazingira kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Usafi, Mpanda

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwenyekiti wa Mtaa, wazee wetu, mabibi na mabwana,

Karibu sana. Historia tunaifupisha, jua ni kali. Reli ya Kaliua hadi Mpanda, kilometa 210, ililetwa kwa ajili ya madini ya risasi ya hapa. Mgodi ulizalisha risasi, fedha, shaba na dhahabu tangu 1950 hadi 1960, kisha wenyewe wakaondoka, mashimo wakatuachia.

Kamati imepiga hatua kubwa: miti 40 imepandwa, 31 ingali hai, na kibao cha tahadhari chenye rangi mbili kimesimama.

Mheshimiwa, ombi ni moja: kufunga shimo la wima la mgodi huo, mdomo mita 3 kwa 2. Watoto hufuata galena, yaani mawe yenye madini ya risasi, iliyotapakaa pembeni, inang'aa kama kioo. Wanadhani ndiyo fedha. Fedha imo kweli, lakini haionekani kwa macho. Kinachobaki mikononi ni vumbi la risasi. Na chini hewa ni mbovu, mawe ya salfaidi, yaani madini yenye salfa, hula oksijeni, hivyo anayeshuka kumwokoa mwenzake bila mtungi wa hewa huenda naye asirudi.

Uzio wa seng'enge tulipewa mwaka juzi, tunashukuru. Nguzo zililiwa na mchwa, waya uko kwenye mabanda ya kuku. Kufukia kwa magogo, kama alivyoshauri mgeni rasmi mmoja, hakufai: magogo hukwama njiani, kifusi hujishikiza juu yake, mvua za Novemba zikiingia vyote hushuka kwa mpigo.

Dawa ni mfuniko wa zege. Udongo uondolewe hadi mwamba. Vyuma vilazwe kwanza juu ya mdomo, maana mbao za kushikilia zege bichi haziwezi kuegemezwa kwenye utupu (reli chakavu zingetosha, ila ziwe na kibali, tusije tukaulizwa). Kisha mabati mazito, nondo za milimita 16 kila sentimita 20, tabaka mbili, na zege la mita 5 kwa 4, unene sentimita 30, likalie mwamba mita 1 kila upande. Bomba la inchi 4 lipitishwe kutoa hewa. Zege limwagiliwe siku 7. Mafundi wafungwe kamba muda wote.

Tunaomba mifuko 42 ya saruji, nondo 40 za mita 12, vyuma, mabati, bomba na mhandisi. Mchanga, kokoto, maji na nguvu kazi ni vyetu.

Saruji hiyo, Mheshimiwa, tumeahidiwa mara tatu kwenye meza hii hii, na mara tatu tukapiga makofi. Safari hii, kwa heshima zote, tunaomba utaje tarehe ya gari. Mtunza stoo ameketi mstari wa mbele, daftari analo.