Barua ya wazi kwa mpwa wangu: usiache kumjibu aliyepiga chafya

Mpwa wangu mpendwa,

Salamu nyingi. Umeniambia kwamba siku hizi mtu akipiga chafya mbele yako unanyamaza. Umesoma mahali kuwa desturi ya kumtakia heri ilianzia Roma mwaka 590, wakati wa tauni, na unaona sisi tunaojua habari za virusi hatuna sababu ya kurithi hofu za watu wale. Nakujibu hadharani kwa sababu wanaoiamini habari hiyo ni wengi, na mimi jambo hili linanigusa sana.

Tauni yenyewe ni kweli. Ilimuua Papa Pelagius II mwanzoni mwa mwaka huo, akarithiwa na Gregory, naye akawatoa watu wa Roma kwenye maandamano ya sala. Husimuliwa kwamba ndiye aliyeagiza kila apigaye chafya aombewe baraka. Lakini Pliny Mzee, mwanachuoni wa Kirumi aliyekufa mwaka 79 Vesuvius ulipolipuka, alikwisha kuuliza katika maandishi yake kwa nini watu humsalimu aliyepiga chafya. Akaongeza kuwa Kaisari Tiberius, mtu aliyejulikana kwa kununa, aliidai salamu hiyo hata akiwa safarini garini. Yaani zaidi ya miaka 500 kabla ya Gregory, Warumi walikuwa na desturi hii na asili yake ilikwisha kuwatatiza.

Halafu, nani kasema chanzo lazima kiwe hofu? Mwaka 401 KK, askari wa Kigiriki wapatao 10,000 walikwama ndani ya milki ya Uajemi. Mwana wa mfalme aliyewakodi ameuawa vitani, majemadari wao wamekamatwa kwa hila, na nyumbani ni mbali. Mmoja wao, Xenophon, akasimama kuwatia moyo. Alipofika tu kwenye maneno ya tumaini la kuokoka, askari mmoja akapiga chafya. Wote kwa pamoja wakamsujudia mungu wao, na Xenophon hakuiacha nafasi hiyo ipite: akapendekeza waweke nadhiri kwa Zeus Mwokozi, akataka wanaokubali wanyooshe mikono. Ikanyooshwa yote. Chafya ile waliipokea kama habari njema kutoka juu.

Katika Uislamu nako chafya ni neema. Hadithi iliyopokewa na Bukhari inasema Mwenyezi Mungu anapenda chafya na anachukia miayo. Kwa hiyo anayeanza ni mpiga chafya mwenyewe, kwa kusema Alhamdulillahi. Aliyemsikia anamwombea rehema, Yarhamukallah, naye anamrudishia dua ya uongofu na ya kutengenekewa mambo yake. Angalia ilivyopangwa: hakuna anayeondoka pale bila kuombewa. Wayahudi, kwa upande wao, wana masimulizi ya kale kwamba hapo mwanzo watu hawakuwa wakiugua. Mtu alipiga chafya moja roho ikatoka, mpaka Yakobo alipomwomba Mungu ampe maradhi kabla ya kifo, apate nafasi ya kuwausia wanawe. Hapo hofu ipo, siikatai, ila imekaa bega kwa bega na shukrani.

Na lile wanalosema watu, kwamba moyo husimama mtu anapopiga chafya, liache kabisa. Mgandamizo wa kifuani hubadilika kwa muda mfupi na mapigo yanaweza kuyumba kidogo, lakini moyo hausimami.

Hoja yako yenyewe ni ya zamani kuliko unavyodhani, na walioihifadhi ni Wabuddha. Buddha alikuwa akifundisha, akapiga chafya. Watawa wakapaza sauti wakimtakia maisha marefu, mafundisho yakakatika. Akawauliza: mtu akiambiwa hivyo, ataishi au atakufa kwa sababu ya maneno hayo? Wakajibu hapana. Basi akawakataza. Sasa ikawa watawa wakipiga chafya, watu wa kawaida wanawatakia maisha marefu, nao wanakaa kimya. Watu wakaumia, wakalalamika: hawa vipi, hawajibu? Habari zikamfikia, naye akawaruhusu watawa kurudisha dua ile kwa watu. Kuhusu nguvu ya maneno hakubadili mawazo. Aliwajali waliokuwa wakinyamaziwa.

Wewe uko pale pale walipokuwa watawa wale, na hao unaowanyamazia ni wenzako wa kila siku. Ziba pua na mdomo kwa kiwiko ukipiga chafya, hilo la virusi uko sahihi. Na mwenzako akipiga, mwambie neno la heri kwa imani yako au bila imani yoyote: afya, rehema, maisha marefu, chagua mwenyewe.

Uliniuliza pia kama ni lazima kumjibu mtu anayepiga chafya mfululizo. Mafundisho ya Kiislamu yana jibu linalonipendeza: ukishamjibu mara tatu naye anaendelea, huyo ana mafua, basi mwombee apone.

Ni mimi, mjomba wako.