Barua ya wazi kwa vijana wetu wanaotaka kazi ya habari na masoko katika michezo ya vyuo vya Marekani

Wanangu,

Poleni na masomo, poleni na baridi. Tangu nistaafu mmekuwa mkinipigia simu kwa zamu, na swali ni lile lile: Mzee, uliingiaje idara ya michezo ya chuo, na sisi tupitie wapi? Nikimjibu kila mmoja peke yake nitakesha. Haya someni wote.

Wengi mnadhani ni kazi ya kutazama mechi bure. Mechi hutaitazama. Siku ya kikapu ofisa habari ameinamia kompyuta anaingiza nani kafunga, nani kadaka ribaundi, nani katoa asisti. Filimbi ya mwisho ikilia wenzake wanakwenda nyumbani, yeye ndiyo kwanza ana taarifa ya kuandika, takwimu za kuhakiki, na kijana wa miaka 19 aliyekosa mtupo wa mwisho wa kumpeleka mbele ya waandishi. Na pale mezani hakuna kushangilia, hata kama chuo kinachocheza ndicho kinachokulipa. Sisi tuliokulia Simba na Yanga, hilo linatutesa kuliko theluji. Mshahara wa kuanzia ni mdogo, na wikendi si zako kuanzia Agosti hadi Mei. Mwenye mchumba akamwambie mapema.

Masoko ni ofisi nyingine, ingawa mara nyingi iko ukumbi huo huo. Kazi yake ni kujaza viti. Agosti 30, 2023, Chuo Kikuu cha Nebraska kilihamishia mpira wa wavu wa wanawake kwenye uwanja wake wa futiboli ya Kimarekani mjini Lincoln, wakaingia watu 92,003. Kila kijana wa masoko niliyeongea naye tangu hapo anataka siku kama ile. Huwa nawauliza kama wanajua kwamba mechi za nyumbani za timu hiyo zilikuwa zikiuza tiketi zote tangu 2001. Watu walikuwa wamezoea kuja, mabinti wadogo walikuwa wanawajua wachezaji kwa majina, na ndipo mtu akathubutu kukodolea macho uwanja mkubwa. Ukiajiriwa chuo kidogo chenye mashabiki 200, shughuli yako ya kwanza ni kujua hao 200 ni akina nani na kwa nini wanarudi.

Sasa nifike kwenye jambo linalonikera. Fungueni kurasa za wachezaji kwenye tovuti za vyuo. Mara nyingi mkimbiaji wa Marekani ana wazazi, ana somo analosomea, ana mwalimu wa sekondari aliyemwona mapema. Wetu ana muda wake bora na "Eldoret, Kenya", hata kama kwao ni Bomet. Mwaka 1978 Henry Rono, mwanafunzi wa Washington State, alivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81: mita 10,000, 5,000, 3,000, na 3,000 kuruka viunzi na maji. Suleiman Nyambui wetu alikuwa akikimbilia chuo cha Texas kilichopo El Paso alipochukua medali ya fedha ya mita 5,000 kwenye Olimpiki ya Moscow mwaka 1980. Edward Cheserek aliondoka Oregon mwaka 2017 akiwa na mataji 17 ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo. Hawa si wageni waliopita njia. Historia ya riadha ya vyuo hivi haiandikiki bila wao, na waliokuja nyuma yao bado wanaandikiwa mistari miwili.

Hapo ndipo mnapohitajika. Ninyi mnaweza kukaa na binti wa Kapsabet mkaongea kwa Kiswahili dakika 40, mkajua kwamba hakuwahi kukimbia pekupeku kwenda shule, kwamba shule ilikuwa ng'ambo ya barabara, na kwamba kilichomleta ni uhasibu. Andikeni hivyo. Mwandishi wa Nairobi au Dar akimhitaji miaka kumi baadaye, atanakili mlichoacha. Kabla ya msimu mrekodini akitamka jina lake mwenyewe, mumpe mtangazaji asikilize. Habari za jeraha lake na alama zake darasani msiziguse bila idhini. Sheria ya kulinda kumbukumbu za wanafunzi ipo tangu 1974.

Tangu Julai 1, 2021, wanamichezo wa vyuo wanaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na sura zao. Mtu wa masoko atakuja mbio na tangazo la duka la viatu. Mchezaji mwenye viza ya F-1, yaani ya mwanafunzi wa kigeni, asisaini wala asipige picha hata moja kabla ofisi ya wanafunzi wa kigeni haijasema neno. Kocha akikunja uso, mwacheni akunje.

Viza hiyo hiyo inawahusu na ninyi. Inawaruhusu kufanya kazi ndani ya chuo hadi saa 20 kwa wiki muhula ukiendelea, na idara ya michezo imo ndani ya chuo. Mkihitimu, ulizeni kwanza nani anayelipa mshahara. Vyuo havimo kwenye bahati nasibu ya kila mwaka ya viza za kazi za H-1B, lakini wauza udhamini mnaokutana nao kwenye ngazi za jengo lile lile mara nyingi wameajiriwa na kampuni za nje ya chuo kama Learfield, na huko bahati nasibu inawasubiri. Nimeona vijana wazuri wakijua hilo wakati mkataba umeshasainiwa.

Jiungeni na College Sports Communicators, chama cha maofisa habari kilichopo tangu 1957. Wa masoko wana chao, NACMA.

Halafu mwandikieni mkuu wa ofisi mwezi Julai, kwa sababu mpira wa wavu na mbio za nyika huanza mazoezi Agosti kabla wanafunzi hawajarudi, na hapo ofisi haina watu. Msiseme mnapenda michezo. Kila anayegonga mlango ule husema hivyo. Semeni mko tayari kuingiza takwimu Ijumaa usiku. Mkiulizwa mchezo gani, tajeni wavu au riadha. Wanaotaka futiboli wameshajaa.

Mzee wenu